George Washington Carver, Mwalimu wa Udongo

Mbezi Luis, kando ya njia kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro, zamani palikuwa mahali pa mashamba. Leo pana nyumba nyingi, na tangu mwaka 2021 pana kituo kikubwa cha mabasi yaendayo mikoani. Lakini hata sasa, kati ya nyumba na nyumba, watu hupanda mahindi, mihogo na kunde katika vipande vidogo vya ardhi. Mtu apandaye mahindi mahali pale pale kila mwaka, wala asitie kitu chochote udongoni, huona jambo moja. Mwaka wa kwanza majani ni ya kijani iliyokoza. Baada ya miaka michache majani ya chini hugeuka manjano, mabua huwa membamba, na mavuno ni haba. Mvua ilinyesha, magugu yalipaliliwa, na hata hivyo shamba limechoka. Lakini mahali palipopandwa kunde mwaka uliopita, na majani yake yakafukiwa, mahindi husitawi tena.

Kunde zimetia nini udongoni? Na kitu hicho zimekitoa wapi? Alikuwako mtu mweusi huko Marekani aliyetumia maisha yake kuwafundisha wakulima maskini jibu la maswali hayo. Jina lake ni George Washington Carver, na hii ndiyo habari yake.

1. Mtoto wa kijakazi

Carver alizaliwa yapata mwaka 1864, karibu na mji mdogo wa Diamond, katika jimbo la Missouri. Hapana ajuaye siku yake ya kuzaliwa, kwa sababu watoto wa watumwa hawakuandikwa siku zao. Mama yake, Mary, alikuwa mtumwa wa mkulima Mzungu aitwaye Moses Carver. Siku hizo Wamarekani walikuwa wakipigana vita wao kwa wao, na nchi ilijaa wanyang'anyi. Usiku mmoja wanyang'anyi walifika shambani, wakamchukua Mary pamoja na mtoto wake mchanga. Moses Carver akamtuma mtu kuwafuata. Mtu yule akarudi na mtoto peke yake, hali mahututi, na inasimuliwa kwamba alikombolewa kwa farasi mmoja. Mama yake hakuonekana tena.

Mwaka 1865 utumwa ulikomeshwa katika Marekani yote. George na ndugu yake mkubwa, Jim, hawakuwa na mahali pengine pa kwenda, wakalelewa na Moses na mkewe Susan. George alikuwa mtoto dhaifu. Kifaduro kilimtesa sana hata sauti yake ikabaki nyembamba maisha yake yote. Hakuweza kazi nzito za shamba, kwa hiyo Susan alimfundisha kupika, kufua na kushona. Alipomaliza kazi zake aliingia msituni, na huko alikuwa na bustani yake ya siri. Alichunguza kila jani na kila mzizi, akauliza kwa nini mmea huu umenyauka na ule umestawi. Punde majirani wakaanza kumletea mimea yao iliyougua, naye akaitunza mpaka ikapona. Wakamwita daktari wa mimea, ingawa hakuwa amesoma shule hata siku moja.

2. Safari ndefu ya kutafuta elimu

Shule iliyokuwa karibu haikuwapokea watoto weusi. Basi, alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja au kumi na miwili, George aliondoka kwa miguu kwenda Neosho, mwendo wa maili 8 hivi, ambako palikuwa na shule ya watoto weusi. Usiku wa kwanza alilala katika ghala la watu. Asubuhi mwanamke mweusi jina lake Mariah Watkins, aliyekuwa dobi na mkunga, alimkuta, akamkaribisha nyumbani kwake. George akawa akisoma, na katika mapumziko alikimbia kurudi nyumbani kumsaidia mama huyo kufua.

Mwalimu wa shule ile alipokwisha kumfundisha yote aliyoyajua, George alikwenda mbele, katika jimbo la Kansas. Alihama mji hata mji, akipika na kufua nguo za watu ili apate ada na chakula, mpaka akamaliza shule ya juu. Mwaka 1885 aliandika barua kwa chuo kimoja cha Kansas, akakubaliwa. Alipofika mlangoni na kuonekana kuwa ni mtu mweusi, alikataliwa. Hakuwa na nauli ya kurudia, wala hakuwa na nyumba ya kurudia.

Wengi wangekata tamaa hapo. Yeye alikwenda kulima katika nchi kavu ya Kansas miaka michache, kisha mwaka 1890 akapokewa katika chuo cha Simpson, katika jimbo la Iowa. Huko alijifunza kuchora picha, akiishi kwa kuwafulia nguo wanafunzi wenzake. Mwalimu wake wa kuchora, Etta Budd, aliona kwamba picha zake zilikuwa za mimea, na kwamba aliijua mimea kuliko mchoraji yeyote. Akamshauri aende chuo cha kilimo cha jimbo hilo, kilichoko Ames. Carver akaenda mwaka 1891, akawa mwanafunzi mweusi wa kwanza wa chuo hicho. Alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1894, na ya pili mwaka 1896, naye akafanywa mwalimu na msimamizi wa nyumba ya mimea. Sasa mtoto wa kijakazi alikuwa na kazi ya heshima, vyombo vizuri vya uchunguzi, na rafiki wenye elimu.

Mwaka ule ule barua ilifika kutoka Alabama, kusini mwa Marekani. Aliyeiandika ni Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa kama yeye, ambaye mwaka 1881 alianzisha shule ya watu weusi mahali paitwapo Tuskegee. Aliomba mwalimu wa kilimo. Carver alijua kwamba akienda ataacha yote aliyoyahangaikia. Akaenda, wala hakuondoka huko mpaka kufa kwake, zaidi ya miaka 46 baadaye.

3. Nchi iliyolishwa pamba tu

Alipoufikia upande wa kusini, Carver aliona pamba pande zote, mpaka kwenye vizingiti vya vibanda vya watu. Nafaka ilikuwa haba, na mboga zilikuwa haba kuliko nafaka. Utumwa ulikuwa umekwisha kwa sheria, lakini watu weusi wengi hawakuwa na ardhi yao. Walilima mashamba ya matajiri na kugawana nao mavuno. Mbegu, unga na nyama ya chumvi walikopa dukani, wakaweka rehani pamba ambayo hata haijaota. Mwisho wa mwaka pamba iliuzwa, deni likalipwa nusu, na nusu ikabaki kuwa mzigo wa mwaka ujao.

Na kila mwaka pamba ilipungua, maana udongo ulikuwa umechoka. Pamba ilikuwa imepandwa mahali pale pale miaka mingi, na mvua ilikuwa imeuchukua udongo mzuri wa juu na kuacha makorongo. Basi mkulima alinaswa na mitego miwili kwa wakati mmoja. Deni lilimlazimisha kupanda pamba, na pamba ilizidi kumaliza udongo ambao ndio ungemlipia deni.

Carver hakukuta maabara huko Tuskegee. Aliwatoa wanafunzi wake, wakazunguka katika majalala wakiokota chupa zilizovunjika, mitungi, vifuniko na nyaya. Kwa takataka hizo alitengeneza vyombo vyake vya kwanza vya kupimia udongo. Mwaka 1897 serikali ya Alabama iliipa shule kituo cha majaribio ya kilimo na dola 1,500 kwa mwaka, fedha kidogo sana kwa kazi kubwa kama ile. Ardhi yake ilikuwa mbaya, na Carver aliona hilo ni jambo jema. Akiweza kuiponya ardhi hiyo kwa vitu ambavyo mkulima maskini anavyo, hapana mkulima atakayeweza kusema kwamba yeye hawezi.

4. Chakula kilichomo hewani

Ili tufahamu dawa aliyoitumia Carver, inafaa tujue ugonjwa wenyewe. Kila mmea, kila mnyama na kila mtu anahitaji kitu kiitwacho naitrojeni. Bila hicho jani haliwi kijani, wala nyama ya mwili haijengeki. Na ajabu ni hii: hewa tunayoivuta, katika kila sehemu 100, sehemu 78 ni naitrojeni. Mahindi husimama katikati ya bahari ya naitrojeni, na hata hivyo hufa kwa kuikosa. Ni kama mtu mwenye kiu aliyeketi juu ya sanduku la maji ambalo limefungwa kwa kufuli asilo na ufunguo wake. Mmea hauwezi kuila naitrojeni ya hewa. Huitaka iliyogeuzwa kwanza, ikayeyuka katika maji ya udongo, ndipo mizizi iinywe.

Ufunguo wa kufuli hilo anao nani? Radi anao kidogo, maana moto wake huunganisha naitrojeni na hewa nyingine, na mvua huileta chini. Lakini wenye ufunguo hasa ni vijidudu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, viitwavyo bakteria. Mwaka 1886 Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, walionyesha kwamba mimea ya jamii ya kunde hupata naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa vijidudu wakaao katika mizizi yake. Miaka miwili baadaye Mholanzi Beijerinck alivitenga vijidudu hivyo. Huingia katika mzizi, na mzizi huvijengea vinundu vidogo kama nyumba. Mmea huvipa sukari, navyo huupa mmea naitrojeni. Kila mmoja humlisha mwenziwe.

Kunde, karanga, maharage, choroko na mbaazi zote ni za jamii hiyo. Majani na mizizi yake ikioza shambani, vijidudu vingine huivunja naitrojeni iliyomo na kuigeuza kuwa amonia, kisha kuwa chumvi iitwayo nitrati, nayo huyeyuka majini. Hiyo ndiyo mahindi au pamba huinywa mwaka ufuatao. Mnyama akila mmea, naitrojeni huingia mwilini mwake. Samadi yake ikirudi shambani, naitrojeni hurudi pamoja nayo. Lakini nitrati haikai mahali pamoja. Mvua kubwa ikinyesha juu ya udongo mtupu, huichukua chini sana mizizi isikofika, au huipeleka mitoni mpaka baharini. Na mahali maji yatuamapo, vijidudu vya namna nyingine huirudisha hewani. Kwa hiyo naitrojeni ni msafiri. Hutoka hewani, hupita udongoni, mmeani na mwilini, kisha hurejea hewani. Mkulima mwenye akili humkaribisha msafiri huyo na kumweka siku nyingi. Mkulima asiyejua humfungulia mlango aondoke.

Carver hakuyavumbua mambo haya, wala hakudai kwamba ameyavumbua. Kazi yake ilikuwa kuyachukua kutoka vyuoni na kuyafikisha kwa mtu asiyejua kusoma.

5. Shule yenye magurudumu

Mafundisho yake yalikuwa mepesi. Usipande pamba mwaka hata mwaka. Mwaka mmoja panda kunde au karanga, mwaka mwingine viazi vitamu, kisha ndipo urudie pamba. Usichome majani makavu ya msituni, bali yaoze pamoja na samadi na tope jeusi la mabwawani, upate mbolea isiyo na bei. Katika shamba lake la majaribio ardhi ile mbaya ilianza kuzaa, na mwaka hata mwaka mavuno yalizidi.

Lakini wakulima hawakuweza kuja Tuskegee, kwa hiyo mwaka 1906 Tuskegee iliwaendea. Carver alichora mfano wa gari la kukokotwa na wanyama, lenye majembe, mbegu na vyombo vya kuonyeshea kazi. Gari hilo lilizunguka vijijini likiwafundisha watu mashambani mwao wenyewe. Tena aliandika vijitabu vyepesi, zaidi ya 40, akiwaeleza wakulima kilimo na wake zao mapishi.

Sasa likazuka tatizo jipya. Watu waliopanda kunde na karanga waliuliza watazifanyia nini, maana dukani walitaka pamba tu. Carver aliona kwamba mwalimu anayemwambia mtu apande kitu bila kumwonyesha faida yake amefundisha nusu tu. Akajifungia katika maabara yake, akatafuta matumizi ya karanga na viazi: maziwa, unga, rangi, sabuni na mengine mengi. Mwaka 1916 alitoa kijitabu chenye njia 105 za kupika karanga. Mwaka 1921 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kueleza habari za karanga. Alipewa dakika chache tu, na baadhi ya wabunge walimdhihaki. Lakini alipozidi kutoa vitu vyake sandukuni, kimoja baada ya kimoja, walimwongezea muda mpaka akamaliza. Tangu siku ile jina lake likavuma nchi nzima.

Watu wengine husema kwamba yeye ndiye aliyevumbua siagi ya karanga. Si kweli, na hana haja ya sifa isiyo yake. Wala si kweli kwamba wakulima wote waliokoka. Wengi walijua kwamba Carver asema kweli, lakini mwenye shamba alitaka pamba, na mwenye duka alitaka pamba, nao hawakuwa na la kufanya. Elimu humwonyesha mtu njia, lakini mtu aliyefungwa miguu kwa deni hawezi kuifuata mara moja. Hata hivyo, palipokuwa na mtu mwenye kipande kidogo cha ardhi yake, au bustani nyuma ya kibanda, hapo maneno ya Carver yalitiwa udongoni, na watoto wakala.

6. Urithi wake

Carver hakuoa. Alivaa koti kuukuu lenye ua kifuani, aliamka kabla ya mapambazuko na kutembea msituni kama alipokuwa mtoto. Akiba yake, yapata dola 60,000, aliitoa ili vijana waendeleze uchunguzi wa kilimo huko Tuskegee. Alifariki tarehe 5 Januari 1943, akazikwa kando ya Booker T. Washington. Mwaka ule ule serikali ya Marekani iliifanya ardhi ya karibu na Diamond, alipozaliwa mtumwa, kuwa mahali pa ukumbusho wa taifa. Hapakuwa na mtu mweusi wa Marekani aliyepata heshima hiyo kabla yake.

Kazi ya kuujua udongo iliendelea baada yake, hata katika Afrika ya Mashariki. Katika miaka ya 1950, huko Muguga karibu na Nairobi, mchunguzi aitwaye H. F. Birch alichunguza udongo uliokaushwa na jua la kiangazi. Alionyesha kwamba mvua za kwanza zikiulowesha, vijidudu huamka na kuvunja mboji kwa haraka, na nitrati nyingi hutokea kwa siku chache. Mwenye mbegu ardhini mapema huikuta karamu hiyo. Mwenye kuchelewa huikuta imekwisha kuchukuliwa na maji. Kumbe kupanda mapema si desturi ya wazee tu. Ni kumwahi msafiri kabla hajaondoka.

Siku hizi viwanda vikubwa pia huitoa naitrojeni hewani kwa joto kali na kani kubwa, na mbolea yao huuzwa magunia kwa magunia. Husaidia sana, lakini ina bei. Vijidudu vya kunde hufanya kazi ile ile kimya kimya, chini ya ardhi, wala havidai ujira.

Ukipata nafasi, chimbua taratibu mche mmoja wa kunde unaokaribia kutoa maua, usiung'oe kwa nguvu. Osha mizizi, utaona vinundu vidogo. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, vijidudu vinafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijivu, havifanyi. Kisha kumbuka neno hili: kunde au karanga ikivunwa, ukayachukua majani na mashina yote na kuyachoma, umeichukua nayo naitrojeni iliyoletwa. Yarudishe shambani.

Mtoto aliyekombolewa kwa farasi hakuwa na mama, nyumba wala fedha. Aliokota mitungi jalalani, akaponya udongo kwa majani yaliyooza na kunde. Ardhi ya Mbezi ni ndogo kuliko mashamba ya Alabama, lakini hewa iliyo juu yake ni ile ile.

Maswali

1. Kwa nini mahindi hukosa naitrojeni ingawa hewa imejaa naitrojeni?
2. Eleza mitego miwili iliyowanasa wakulima wa Alabama.
3. Vijidudu hukaa wapi katika mmea wa kunde, navyo hupewa nini na mmea?
4. Naitrojeni hupoteaje shambani? Taja njia tatu.
5. Kwa nini Carver alitafuta matumizi ya karanga baada ya kuwafundisha watu kuzipanda?